Mkono Ulioandikwa Jina Langu

Kambi ya Mkonge,
Voi.
Jumapili, 16 Oktoba 1955

Mama yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe na Mable na kila anayeingia na kutoka hapo nyumbani. Naomba Mungu kifua kiwe kimekuachia kidogo, na baridi ya huko juu isiwe imeanza kukusumbua. Mimi ni mzima. Mable, rudia hapo umsomee Mama mara ya pili: ni mzima, na mikono yangu yote miwili ipo, wa kulia ndio huu unaoandika. Aliyekuambia kwamba nimekatwa mkono na mashine hakuwa na nia mbaya. Aliamini alichokisoma kwenye karatasi ya hospitali, na ile karatasi ni ya uongo.

Barua yenu ya kilio ilifika hospitalini, akaletewa mtu mwingine kitandani, naye akanipa jana. Niliisoma nimesimama, na nilipofika pale unaposema hujala siku mbili, nikakaa chini. Nisamehe, Mama. Ningeandika mapema, lakini nilikatazwa, na aliyenikataza utamjua nikifika huko mbele.

Mwinjilisti Reuben alikueleza kwamba si mkono tu uliopotea, hata lugha imenitoka, kwamba alinisalimia kwa Kidawida nikamkodolea macho. Usimcheke mzee wa watu. Ni mgeni hapo kanisani, hajawahi kuniona sura, naye aliona jina langu limeandikwa kitandani. Aliyelala hapo hajui Kidawida hata neno moja kwa sababu kwao ni Nyanza. Ni Nashon Oduor, rafiki yangu, yule ninayekuambia kila mara kwamba ndizi zako humalizwa na yeye kabla sijafungua mzigo.

Sasa Mable, soma polepole, na kama kuna mgeni hapo ndani mwambie barua ya Danson ni ndefu, mtaimalizia baadaye. Habari hizi si za watu wengi.

Mama, unakumbuka nilivyokuja mwishoni mwa mwezi uliopita kukuezekea nyumba kabla ya mvua. Uliniuliza kama wakubwa wameniruhusu, nikasema wameniruhusu, tena nikacheka. Sikuruhusiwa. Niliomba, nikajibiwa kwamba mkonge haungoji nyasi za mtu. Lakini ningefanyaje? Mvua ya mwaka jana ulikesha umeshika sufuria, na mimi ndiye mwanamume pekee wa nyumba hiyo tangu baba afariki.

Hapa shambani kila mfanyakazi ana tikiti ya kazi, kikaratasi chenye vyumba thelathini. Ukimaliza kazi ya siku, nyapara anatia alama kwenye chumba kimoja. Vikijaa vyote unalipwa na kupewa tikiti nyingine. Ukikosa siku nyingi, tikiti inatupwa pamoja na jasho lako. Kwa hiyo sisi tumezoea kuazimana. Mtu akiwa na msiba au mgonjwa, anamwachia mwenzake tikiti. Asubuhi jina linaitwa, mwenzake anaitika, kazi inafanyika. Hakuna aliyewahi kuona kwamba ni kosa, maana shamba halipotezi kitu. Tikiti ya Nashon ilikuwa imejaa na alikuwa akingoja nyingine. Nikampa yangu, nikapanda basi.

Na nyapara wetu unamjua kuliko mimi, kwa maana mlinyonya titi moja. Mjomba Phineas alijua kila kitu. Aliita Danson Mwadime, akaitika Nashon, akatia alama. Watu wananiambia alimtania hata, akauliza tangu lini Mtaita akawa mrefu namna hii, na mstari mzima ukacheka.

Siku ya tatu, saa tatu asubuhi, mimi nikiwa juu ya paa lako na wewe ukinipitishia nyasi, mashine ilimshika Nashon mkono wa kulia. Si ile mashine kubwa. Ni ile ya zamani ninayofanyia kazi mimi, inayolishwa kwa mkono, yenye ngoma ya chuma inayozunguka ndani na kuliponda jani la mkonge mpaka zibaki nyuzi. Sitakuandikia zaidi. Alipelekwa kwa lori, na daktari akamkata chini kidogo ya kiwiko.

Karani alipouliza jina la majeruhi, mtu alichomoa tikiti mfukoni mwa Nashon, na jina lililoandikwa pale likaingia kwenye kitabu cha shamba, na kutoka hapo likaingia kwenye kitabu cha hospitali. Mjomba alikuwa amesimama hapohapo. Hakusema kitu. Baadaye alimwendea Nashon kitandani akamwambia aitike jina hilo, kwa sababu siku hizi za Hali ya Hatari mtu akikutwa na karatasi za mwingine haulizwi mara mbili, anachukuliwa. Kwa hiyo Nashon akawa mimi. Mkewe, Ajwang', akafundishwa kumwita Danson. Siku moja maumivu yalimzidi mumewe, Ajwang' akalia kwa sauti akimtaja Nashon mbele ya nesi, na alipoulizwa Nashon ni nani alisema ni mtoto wao aliyebaki nyumbani. Aliponisimulia hilo alikuwa karibu kucheka, kisha akaona hawezi.

Mimi nilipokuwa narudi, Mjomba alinikuta Mwatate kituoni. Alinishika mkono kama mtu anayenisalimia, akanivuta pembeni, akaniambia kwamba mimi niko hospitali nimekatwa mkono, na nisionekane na mtu yeyote mwenye kunijua. Akaniweka katika chumba cha rafiki yake nyuma ya duka. Nimekaa humo siku kumi kama mwali, Mama, mtu mzima mwenye ndevu. Ndipo aliponikataza kuandika. Alisema siri ya watu watatu ni tangazo.

Mpango wake ulikuwa hivi. Sheria iko, mtu akiumia kazini bwana wake humlipa fidia. Fidia itatoka kwa jina la Danson, Nashon atatia dole gumba la kushoto na kuipokea, na mambo yakitulia kila mtu atarudi kwenye jina lake. Nilikubali. Naona haya kukuambia kwamba nilikubali upesi.

Lakini roho yangu ilikuwa juu juu. Nikiona askari dirishani, nilihesabu hatua zake mpaka apite. Mwisho Mjomba alikuja na habari mpya, akaisema haraka haraka kama mtu anayemeza dawa. Shamba limepeleka ripoti. Inasema mashine ilikuwa na ubao wa kinga mbele ya mdomo wake, uliowekwa ili mkono usifike kwenye ngoma, na kwamba mfanyakazi Danson Mwadime aliuondoa mwenyewe ingawa alionywa. Shahidi aliyetia sahihi ni nyapara Phineas. Nikamuuliza kwa nini ametia sahihi. Akasema kama si hivyo wangemuuliza yeye alikuwa wapi ubao ukiondolewa.

Sikulala. Asubuhi nilifunga kitambaa kichwani nikaenda Voi, kwenye ofisi ya kazi, nikamkuta karani mmoja, Stephen, kijana wa Kidawida mpole sana. Nikamwambia mimi ni ndugu yake Danson aliyekatwa mkono, naomba kuelewa sheria. Alinieleza kwa subira, na mimi nakueleza jinsi nilivyoelewa. Alisema fidia si sadaka. Anayekuajiri amekubali kubeba hatari za kazi yake, kwa hiyo ukiumia katika kazi hiyo anapaswa kukulipa, hata kama ulikuwa umesinzia kidogo au umezembea kidogo. Lakini ukiondoa kwa makusudi kitu kilichowekwa kukukinga, bwana anaweza kusema umejiumiza mwenyewe, na shauri likakufia mkononi. Nikamuuliza, na kama aliyeumia alikuta kinga imekwisha ondolewa na hakuna aliyemwambia? Akasema huyo hana kosa, kosa ni la wenye kazi, kwa sababu macho ya nyapara ni macho ya bwana.

Kisha akatazama mikono yangu juu ya meza. Akaniambia kwa Kidawida, taratibu, kwamba kule wodini yuko Danson asiyejua lugha hii, na hapa yuko ndugu yake asiyetaja jina lake. Kwamba ukweli ukiletwa na mwenyewe huja na heshima kidogo, ukija peke yake huja na pingu. Nikamwambia habari ya tikiti. Nilimwambia hiyo tu.

Alhamisi iliyopita Ofisa wa Kazi mwenyewe alikuja hospitalini, Mzungu mwembamba mwenye kikohozi. Akaketi karibu na kitanda, Stephen akiandika. Ajwang' alikuwepo, na Mjomba alikuwa dirishani, na mimi nilikuwa mlangoni nikiwa mimi kwa mara ya kwanza tangu nirudi. Mimi na Nashon tukakiri mambo ya tikiti. Ofisa alitukaripia vikali, akasema kosa hilo litakuwa na siku yake. Lakini akasema pia kwamba mtu aliyeitwa na nyapara, akaonwa na nyapara, akatiliwa alama na nyapara, siku ile alikuwa mfanyakazi wa shamba, jina lolote liwe kwenye karatasi. Mama, sijui nikuambieje furaha ile. Ajwang' alijifunika uso kwa leso. Nashon aliulizwa jina lake halisi, akalitaja lote, la kwake na la baba yake na la kijiji chake, kama mtu anayerudishiwa nguo zake.

Ndipo Ofisa akauliza ni nani aliyeondoa ubao.

Mjomba akanitazama. Mimi nikatazama sakafu. Nilisikia kalamu ya Stephen ikingoja. Nilijiambia nitasema, nikajiambia ngoja avute pumzi, nikajiambia ngoja akohoe amalize. Na kabla sijamaliza kujiambia, Nashon akasema kutoka kitandani:

"Ubao niliutoa mimi, Bwana. Danson hakuwepo."

Ofisa akamuuliza tena kama anaelewa maana ya neno hilo. Akasema anaelewa. Stephen aliinua macho akanitazama, si Nashon aliyemtazama, ni mimi. Kisha akaandika. Ofisa akafunga kitabu, akasema faili itafungwa Ijumaa ijayo, na kwa ushahidi huo haoni jinsi ya kulibana shamba.

Tulipotoka nje Ajwang' alinishika koti. Aliniuliza mumewe amepatwa na wazimu gani, mtu asiyejua hata bisibisi inashikwa vipi, atoe ubao wa mashine siku ya tatu tu tangu aione? Aliniuliza kama mtu anayejua kwamba mimi ni rafiki. Nikamwambia sijui.

Mable, simama kidogo hapa. Mpe Mama maji. Kisha uendelee.

Mama, ubao niliutoa mimi. Niliutoa mwezi wa nne, kwa bisibisi niliyoiazima kwa fundi, skrubu nne tu. Ubao ule unachelewesha. Ukiwepo, inabidi kulisha majani machache machache na kwa kujipinda, na kazi ya siku inaisha jua likiwa kali. Ukiutoa, unasukuma tita zima, na saa nne umemaliza. Mjomba aliona siku ileile. Alichosema ni kwamba niurudishe Bwana Mkubwa anapopita. Nikawa naurudisha anapopita na kuutoa anapokwenda. Watu wakaanza kusema hakuna mlisha mashine kama Danson. Na wewe siku ya shukrani ulisimama kanisani ukasema mwanao ndiye wa kwanza kumaliza kazi katika shamba zima, na ukampa Mungu sifa. Nilikuwa benchi la nyuma. Niliona raha, Mama. Sifa hiyo ndiyo iliyomkata Nashon mkono.

Nilipomwachia tikiti nilimwambia mambo mengi. Nilimwambia maji ya kunywa yako wapi, na kwamba asibishane na mwendesha injini, na kwamba majani ya umande huteleza. La ubao sikumwambia. Sikumficha; nilisahau tu, kwa sababu mkono wangu ulikuwa umezoea. Alikuta mdomo wa mashine uko wazi akadhani ndivyo ulivyo. Yeye ni mkata mkonge, hajawahi kulisha mashine hata siku moja.

Nilimuuliza jana kwa nini alisema vile. Alisema Mjomba alimtembelea Jumatano usiku akamweleza kwamba Danson akijulikana atafungwa kwa makosa mawili, la tikiti na la ubao, na mama yake ni mjane, lakini mwenye mkono mmoja hakuna atakayemfunga. Akaona ni hesabu nzuri. Alisema mkono umekwisha kwenda, hauwezi kwenda tena. Kisha akaniomba nimkunie mgongo, kwa sababu mkono uliobaki haufiki. Nikamkuna.

Ijumaa nitakwenda kwa Ofisa kabla hajafunga faili. Nitasema ubao niliutoa mimi, lini, na kwa bisibisi ya nani. Nitasema pia kwamba nyapara alijua, kwa sababu bila hilo shauri la Nashon linasimama mguu mmoja. Ni lazima nimtaje ndugu yako, Mama. Nimetafuta njia ya kumkwepa siku tatu na sijaiona. Atapoteza kazi, na pengine zaidi ya kazi, kwa kuwa alitia sahihi uongo. Mimi nitakachopata sijui. Stephen anasema huenda ni faini, huenda ni miezi. Ninaogopa sana, na sina haja ya kukuficha.

Mjomba amekwisha kuhisi. Jana jioni alikuja hapa, akanikumbusha ni nani aliyeniombea kazi, ni nani aliyenunua sanda ya baba. Yote ni kweli. Alisema atapanda huko juu kwako, na wewe utaniandikia kunikataza, na mimi sitaweza kukataa neno la mama. Ikiwa ameshafika, na yuko hapo ameketi akisikiliza Mable akisoma, basi shikamoo, Mjomba. Sijakutukana mahali popote katika barua hii. Ulinilinda kwa njia uliyoijua, na mimi nilikubali kulindwa. Lakini usimfanye Mama aniandikie, kwa sababu sitaifungua barua hiyo mpaka Jumamosi.

Mama, kuna jambo moja ninalokuomba. Ajwang' na watoto wake wawili wametolewa kambini, kwa sababu nyumba ni ya mwenye tikiti. Wamelala kwa jamaa yao anayefanya kazi reli, mtaa wa Kaloleni hapa mjini, chumba kimoja, na wameambiwa mwisho ni mwezi huu. Kwao ni mbali na nauli ya gari la moshi hakuna, wala hawezi kumwacha mgonjwa. Jumatano nitakwenda kumwambia niliyokuambia wewe. Nataka ayasikie kutoka kinywani mwangu kabla ya kuyasikia ofisini. Akinitemea mate, ni haki yake. Akiisha kunitemea, nitampa njia ya kuja kwako.

Akija, mpokee. Mpe kile chumba changu, kuna blanketi mbili sandukuni. Mtoto mkubwa anaogopa ng'ombe, Mable asimtume zizini. Akikaa siku nyingi bila kusema, msimlazimishe. Na akikuuliza kwa nini mama wa watu anamlisha yeye na watoto wake, Mama, tafadhali, usimwambie ni wema.

Wasalimie majirani wote walionililia, waambie nashukuru na kwamba machozi yao hayakupotea, yana mwenyewe. Mable, ahsante kwa kusoma, na najua umelia mahali fulani, usimwambie mtu. Mungu awatunze wote hapo, na kifua chako, Mama, usikiache wazi asubuhi.

Ni mimi mwanao,
Danson Mwadime